Kanisani wanasema mwanangu amepona, kliniki wanasema arudi Jumanne

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nauza mboga na karanga, mume wangu ni fundi ujenzi. Naomba usitaje jina langu, maana mama mkwe ana wajukuu wakubwa wanaomsomea kila kitu kwenye simu.

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 11. Zamani alikuwa anaumwa mafindofindo kila mara. Nilimsukutulisha maji ya chumvi, maumivu yakiisha naona yamepita. Baadaye magoti yakaanza kuvimba, leo hili kesho lile, watu wakaniambia mtoto anakua. Ilipofika mwaka jana akawa hafiki shuleni bila kukaa chini njiani mara mbili. Usiku alilala ameketi, mgongo ukutani, miguu imejaa. Vipimo vikaonyesha mlango mmoja wa moyo umeharibika, haufungi tena. Tukapelekwa Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji, akawekewa valvu ya kutengenezwa.

Ni miezi minne sasa tangu turudi na treni. Mtoto anakimbia. Mama, anakimbia mpaka namwita arudi nimwangalie tu. Usiku nyumba ikinyamaza nakisikia kifua chake kinalia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Daktari alitueleza kwamba ni valvu inapofunga. Tukapewa vidonge vya wafarini vya kumeza kila siku maisha yake yote, sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, na kipimo cha INR cha kuangalia damu inavyoganda.

Upande wa mume wangu ni watu wa kanisa hasa. Mama mkwe anaishi kijijini, wilaya ya Mpwapwa. Tulipokuwa wodini aliuza mbuzi wake wawili na alizeti yote aliyokuwa ameweka, ili tupate nauli na chakula. Siku ya upasuaji alifunga, hata maji hakunywa, mpaka alipopigiwa simu saa mbili usiku kwamba mtoto ametoka chumba cha upasuaji. Siku hiyohiyo akaweka nadhiri: mjukuu akirudi mzima atatoa ng'ombe, kutakuwa na ibada ya shukrani, na mimi mama yake nitasimama kutoa ushuhuda. Ibada imepangwa mwezi ujao, mavuno yakishaingia ndani.

Hivi karibuni mwinjilisti wa kule alikuja mjini akapita kwetu. Akasema mtoto aliyeponywa na Mungu haendi kushuhudia huku ana vidonge mfukoni, ni kumwambia Mungu hatukumwamini. Akasema familia nzima tufunge siku tatu kabla ya ibada, na mtoto pia. Mume wangu hakujibu ndiyo wala hapana. Lakini wiki iliyopita ilikuwa zamu yake kumpeleka mtoto kupima, akasema kazi saiti imembana. Siku mbili baadaye nikiwa natandika kitanda nikakuta vidonge vitano chini ya godoro. Nilimwuliza mwanangu kwa upole. Akanijibu, "Bibi amesema kwenye simu nimepona. Mama, mbona wewe huamini?"

Nimeshindwa kumjibu mpaka leo, na sababu yake hakuna anayeijua hapa nyumbani.

Kitanda cha jirani kule wodini alikuwepo mama mmoja kutoka Kondoa, Mwislamu, na binti yake wa miaka 9. Tulikuwa tunanunua chai moja kwenye chupa yake tunagawana. Akishamsomea binti yake Yasini anakuja kumsomea na mwanangu. Nami nikiomba naweka mkono mmoja kwa wangu, mmoja kwa wake. Watoto walipasuliwa wiki moja. Wangu alitoka. Wake alikaa chumba cha uangalizi siku nne, akafariki alfajiri. Mama yake alirudi wodini kukunja shuka. Akanipa ile chupa ya chai, akasema, "Kaa nayo dada, wewe bado una mgonjwa." Ninayo mpaka leo juu ya kabati. Siitumii.

Mwinjilisti alisema imani ya wazazi ndiyo iliyomrudisha mtoto wetu. Sasa yule mama wa Kondoa alipungukiwa nini? Namba yake ninayo. Sijampigia hata mara moja, naogopa hata kulitaja jina la binti yake. Na tangu siku ile siwezi kuomba. Nikipiga magoti najikuta nahesabu tik, tik.

Nikikataa kusimama nitakuwa sina shukrani kwa mwanamke aliyeuza mbuzi zake kwa ajili ya mwanangu. Nikisimama naona kama namsengenya mama wa Kondoa mbele ya watu. Na vidonge nitavilindaje bila kubomoa nyumba?

Mama wa Nkuhungu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa yote uliyobeba, na nafurahi pamoja nawe kwa mtoto anayekimbia. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwenye ile chupa ya chai. Nitaifikia.

Siku nilipopata barua yako sikungoja zamu ya safu, nilikutumia ujumbe kuhusu vile vidonge vitano. Ukanijibu kwamba kesho yake mlikuwa kliniki, damu imepimwa, dozi imepangwa upya, na mnarudi Jumanne. Nashukuru sana. Nieleze hapa kilichonifanya niharakishe, maana wapo wazazi wengine wanaosoma.

Valvu ya kutengenezwa hudumu muda mrefu, na ile inayotokana na mnyama, ambayo nayo huwekwa kwa wagonjwa wengine, huchakaa upesi zaidi kwenye mwili wa mtoto. Lakini damu ikipita juu ya hiyo ya kutengenezwa hutaka kuganda. Bonge dogo linaweza kuikwamisha isifunguke, au likachomoka likapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi, hata kwa mtoto wa darasa la tano. Wafarini inazuia hilo. Ikipungua damu inaganda, ikizidi mtoto anavuja damu, ndiyo maana kuna INR. Na ndiyo maana kufunga kwa mtoto huyu siyo jambo la kukubaliwa sebuleni: akikaa siku tatu bila chakula huku anameza dozi ileile, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Hilo ni la kuulizwa kliniki kabla mtu yeyote hajalitangaza.

Sisi wa Dodoma tuna jingine la kwetu, mlenda. Mboga za majani zina vitamini K, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya wafarini. Mtoto hakatazwi mlenda. Anatakiwa ale kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki. Akienda kijijini akala mlenda mchana na usiku kwa siku kumi, kisha akarudi mjini kwenye wali na maharage, kipimo kitayumba na mtashangaa kwa nini. Mwambie bibi yake mapema. Mwambie pia kwamba mtoto akiumwa kichwa au mguu asipewe diklofenaki wala aspirini ya duka la dawa bila kliniki kujua. Sindano nayo isirukwe: inazuia maambukizi ya koo yasirudi kuharibu milango mingine ya moyo iliyo mizima.

Kuhusu koo, umeandika habari ya maji ya chumvi ukapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nikusimamishe kidogo. Yapo maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria wa streptokoki, na kwa baadhi ya watoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, kinga ya mwili ikishapambana nayo hugeuka kushambulia viungo na moyo. Mama gani mtaani kwako alikuwa analijua hili? Maji ya chumvi ndiyo tuliyofundishwa na mama zetu sote. Ulimtibu mwanao kwa ulichokuwa nacho. Wadogo zake wawili wakiumwa koo sasa utawapeleka kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa leo unajua.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe lililozua mambo: amepona. Mama mkwe akilisema anamaanisha mjukuu alikuwa anaondoka na hakuondoka. Kliniki wakilisema wanamaanisha kidonda kimefunga, moyo unafanya kazi, na tunaendelea kumwangalia. Wote wanasema kweli. Mwanao amelisikia kwa namna ya tatu, ya mtoto: yameisha, vidonge vya nini tena.

Ile kauli yake, "mbona wewe huamini," wewe umeipokea kama mashitaka. Sijui. Mimi nimemsikia mtoto aliyechoka kuwa mgonjwa, amepewa na bibi yake habari tamu, akataka mama naye aiseme. Katika barua nzima umenieleza kila mtu anaamini nini, isipokuwa yeye. Ameelezwa na nani, kwa lugha yake, kilichomo kifuani mwake? Anajua tik ile inalia kwa sababu gani? Ungeweza kumwekea kiganja chake mwenyewe kifuani usiku mmoja mkasikiliza pamoja. Umwambie kwamba bibi amesema kweli, amepona, na vidonge vinailinda ile valvu isije ikakwama. Mpe kalenda achore alama kila akimeza. Ila usimwachie mzigo wote. Ana miaka 11, na mtu mzima lazima amwone akimeza, kwa miaka kadhaa ijayo.

Kisha nimetafuta katika barua yako mahali ambapo mama mkwe amesema dawa ziachwe. Sijapaona. Aliyesema ni mwinjilisti. Yeye bibi amesema tu amepona, kwenye simu, kwa mjukuu anayempenda. Inawezekana anakubaliana na mwinjilisti, wewe unamjua kuliko mimi. Inawezekana pia hajawahi kuambiwa kwamba ni vidonge vya maisha. Ninyi mlikuwa na daktari mbele yenu, yeye alikuwa na simu ya saa mbili usiku. Mwanamke aliyeuza mbuzi ili mtoto afike hospitali, nasita kumwita adui wa hospitali.

Je, ikiwa angekuja Dodoma kabla ya ibada, akaenda kliniki na mjukuu wake, akauliza maswali yake mwenyewe? Hatari ipo: anaweza kuhisi ameitwa kuja kusomeshwa na mkwewe. Kwa hiyo namna ya kumwita ni kubwa kuliko ziara yenyewe. Mwite kama mtu aliyelipia safari ile, aje aone mbuzi zake zimefanya kazi gani. Na anayempigia ni bora awe mwanawe, kuliko wewe.

Mwanawe huyo, mume wako, amenishughulisha. Amekaa kimya mbele ya mwinjilisti, kisha akaikwepa kliniki. Unaweza kusema ameshaegemea kule. Lakini wapo wanaume wanaoogopa karatasi ya majibu kuliko wanavyoogopa kupanda juu ya kenchi. Huyu ni baba aliyemwona mwanawe na mirija kifuani. Mwulize, siku ambayo mama yake hayupo na watoto wamelala, anaogopa nini tukienda kupima. Huenda akakujibu kwamba kweli anaamini dawa ni kukosa imani. Litakuuma, ila ni afadhali mlijue mkiwa Nkuhungu kuliko mkiwa njiani kwenda Mpwapwa.

Likija suala la imani na dawa, hamtakuwa na haja ya kutoka nje ya Biblia yao. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, nabii Isaya akamletea neno la Mungu kwamba ameongezewa miaka 15. Na nabii huyohuyo akaagiza tini zibandikwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwa imeshatolewa, na tini zikabandikwa. Ugogoni kwetu tena, wazee wengi wamelijua kanisa na hospitali pamoja. Pale Mvumi hospitali ni ya Kanisa Anglikana, na hakuna anayeona ajabu. Mwinjilisti ana mchungaji aliye juu yake. Mume wako au mzee mmoja wa kanisa anaweza kumwendea mchungaji faraghani, amwombe yeye ndiye aseme siku ya ibada kwamba mtoto anaendelea na dawa na kanisa linamwombea katika hilo. Mkimrukia mwinjilisti hadharani ataaibika, na mtu aliyeaibishwa huzidi kukaza. Hata yeye nahisi alitaka kuwatia moyo, akasema asilolijua.

Ushuhuda sasa. Angalia nadhiri ile ilivyowekwa: ng'ombe wa mama mkwe, ibada ya mama mkwe, na kinywa chako. Hicho cha mwisho hukuulizwa. Sisemi hivyo ili ukatae. Nasema ili ukikubali, iwe umekubali wewe. Anaweza kusimama yeye mwenyewe aliyeweka nadhiri, wewe ukawa pembeni yake umemshika mtoto mkono. Wengine wataona mama amekaa kimya na watanong'ona. Hilo ulipime, maana kijiji ni chake na aibu itamfikia yeye kwanza. Unaweza pia kusimama ukasema ulichokiona tu. Kwamba watu msiowajua walitoa damu. Kwamba muuguzi alikaa naye usiku. Kwamba bibi yake aliuza mbuzi. Kwamba anameza dawa na ataendelea kumeza. Na ukiwa na nguvu, kwamba mama mmoja wa dini nyingine alimsomea dua mwanao, na binti yake hakurudi, na unaomba kanisa limkumbuke. Hapo unaweza kulia ukashindwa kumaliza. Unaweza pia kuulizwa maswali usiyoyataka. Kuna watu watakaosikia ushuhuda wa namna hiyo wakaona umepoza moto. Na nina hakika katika benchi zile atakuwepo mama aliyezika, ambaye kila ibada ya shukrani hutoka nje kidogo.

Ama unaweza kuomba ibada iahirishwe. Ukiomba hivyo, sababu utakayotoa iwe ya kweli.

Umesema huwezi kuomba. Ipo Zaburi ya 88, isome ukiwa peke yako. Inaanza kwa kulia na inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na wameiacha humo kitabuni pamoja na nyingine zote. Mtu aliyepiga magoti usiku akasikiliza moyo wa mwanawe unavyofunga na kufungua, mimi siwezi kusema hakuomba. Lakini kama kuhesabu huko kunakunyima usingizi kila siku, kama unaamka kuhakikisha anapumua, waambie kliniki na hilo pia, kwa ajili yako wewe. Miezi minne baada ya chumba cha upasuaji kina mama wengi bado wapo wodini kichwani.

Kuhusu kwa nini wako alirudi na wa mwenzio hakurudi, sina jibu na sitakutungia. Nakuuliza tu kama ni lazima ulipate ndipo ushukuru. Warumi wanaambiwa wafurahi na wanaofurahi na walie na wanaolia, na yote mawili yamo katika mstari mmoja. Wewe na yule mama mlishaufanya, mikono yenu ikiwa juu ya vitanda viwili.

Kumpigia simu kuna hatari yake. Anaweza asipokee. Anaweza kupokea ukasikia sauti imebadilika, au akamsikia mwanao anacheka nyuma yako na ikamchoma. Usipompigia, napo miezi inaongezeka, na huenda yeye anajiuliza kama mtoto wako yu hai. Kondoa siyo mbali, lami inafika. Siku moja unaweza hata kumpelekea chupa yake, ikiwa imejaa chai, kama atapenda uje. Hilo ataamua yeye.

Ukipiga, usianze na wako. Mtaje binti yake, kwa jina lake. Halafu nyamaza, umwache aongee.